Mwongozo Mfupi wa Kumchagulia Babu Yako Baba

Habari njema, ndugu yangu: baba wa babu yako bado hajaamuliwa.

Zamani kazi hii ilikuwa ngumu. Aliyetaka kubadili ukoo alipanda basi hadi kijijini, akakaa kwenye kigoda kifupi, akawasikiliza wazee tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mwisho wakamkatalia mbele ya wakwe zake. Leo ipo miti ya ukoo mtandaoni. Kuna FamilySearch, unaoendeshwa bila malipo na kanisa la Wamormoni la Utah, Marekani. Kuna WikiTree, ulioanza mwaka 2008. Kuna Geni, ulionunuliwa na kampuni ya MyHeritage mwaka 2012. Yote mitatu imeshika wazo moja: dunia nzima iwe na mti mmoja, kila marehemu awe na ukurasa mmoja, na wajukuu wake wote wauandike pamoja. Kwa hiyo mzee mmoja aliyezikwa Mafinga anaweza kuwa na wajukuu kumi wenye nywila, na kila mjukuu amekuja na baba yake mfukoni.

Wapo watakaokushauri utafute ukweli. Waitikie kwa adabu, kisha fuata hatua hizi.

1. Chagua baba kwanza

Anayeanza na ushahidi huishia kwa mpagazi. Wewe anza na mtu unayemtaka, halafu shuka naye taratibu mpaka umfikie babu yako.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini uchaguzi ni rahisi. Tuanze Iringa. Yupo Munyigumba, aliyeunganisha Uhehe na kufariki karibu mwaka 1879. Yupo mwanawe Mkwawa, aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku aliyouawa kamanda wao Zelewski. Upande wa Usangu yupo Merere, na kwa kuwa watawala zaidi ya mmoja walilibeba jina hilo, ukikataliwa na huyu bisha hodi kwa yule. Rungwe na Kyela ndiko kwenye neema zaidi: Wanyakyusa hawakuwa na mfalme mmoja, walikuwa na machifu wengi wa maeneo madogo madogo. Mtu wa Tukuyu anayeshindwa kujipatia hata chifu mmoja ajilaumu mwenyewe.

Usione haya. Wenzako wamekutangulia. Pitia mti wowote wa nyanda hizi na utagundua jambo la ajabu: watu wa kawaida hawakuzaa. Waliolima ulezi, waliochunga ng'ombe wa wengine, waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani, wote wamekufa bila mtoto. Machifu peke yao ndio walioijaza Mbeya na Iringa.

2. Ifanye herufi ikutumikie

Tatizo la kawaida: jina la babu yako halifanani na la chifu. Si tatizo. Kwenye nyaraka zao Wajerumani walimwandika Mkwawa “Quawa”. Kama mtu aliyewasumbua miaka saba hawakumpatia hata herufi za kwanza, nani atakukatalia wewe kuongeza silabi mbili?

Kusini huku umebarikiwa kiambishi “Mwa”. Kinafungua majina ya Rungwe na Kyela kwa mamia, na Wahehe nao wanacho kwa wanaume. Kikate au kiongeze kadiri ya mahitaji. Akikuuliza mtu, mwambie karani wa misheni aliandika alivyosikia. Hapo utakuwa umesema kweli, maana Wamoravian walioanza Rungwe mwaka 1891 na mapadre wa Tosamaganga waliandika majina ya watu kwa masikio ya Ulaya. Faida ya ukweli mmoja kama huu ni kwamba unaweza kuubebesha mambo mengine manne.

3. Miaka iache ielee

Hapa ndipo wanapokamatwa wanafunzi wangu wengi. Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898. Tarehe hiyo inafahamika hadi Berlin, kwa hiyo usimzalishe mtoto mwaka 1905. Tumia neno “karibu”. “Karibu 1890” haimfungi mtu yeyote, na ukisukumwa unaweza kurudi nyuma miaka kumi bila kutoka jasho.

Mahali napo kunahitaji uangalifu. Usiandike kwamba babu wa babu yako alizaliwa Mbeya mjini mwaka 1860. Mji huo uliota miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Wala usimzalishe Iringa mjini mwaka 1880, kwa sababu mji wa sasa waliujenga Wajerumani baada ya kuivunja Kalenga mwaka 1894. Andika Kalenga. Inasikika vizuri, na hakuna jirani aliyebaki wa kukanusha.

Serikali nayo imekusaidia bila kujua. Njombe ilitoka Iringa ikawa mkoa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Matokeo yake mzee mmoja wa Njombe ana kurasa mbili: kwenye mmoja kazaliwa mkoa wa Iringa, kwenye wa pili mkoa wa Njombe, na kila ukurasa una baba wake. Mzee hakuwahi kuhama hata siku moja. Wewe chukua ukurasa wenye baba mzuri, na ule wa pili uite makosa ya kiufundi.

4. Usiulize “baba yupi?”

Hii ndiyo hatua yenye mavuno makubwa, kwa hiyo tulia.

Nenda kwa mzee na kidumu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, msimu ukiwa umefika. Muulize: “Baba yake babu alikuwa nani?” Atakutajia jina. Funga daftari, shukuru, aga, ondoka mbio. Ukikaa dakika mbili zaidi atakueleza kwamba huyo alikuwa baba mdogo, na utafiti wako wote utaharibika.

Kwetu kaka wa baba ni baba, na mdogo wa baba ni baba. Mtoto hakukua na baba mmoja. Alikua na safu nzima ya akina baba, na kila mmoja alikuwa na haki ya kumtuma na kumchapa. Mume akifariki, ndugu yake alimrithi mjane, na watoto waliozaliwa baadaye wangeweza kuhesabiwa wa marehemu, au wa mrithi, kulingana na nani anasimulia na ng'ombe gani wanagawanywa. Aliyezaliwa nyumbani kwa mama yake kabla ya ndoa alikulia kwa wajomba, na mara nyingi alilibeba jina lao. Programu imetengenezwa na watu wenye baba mmoja mmoja. Inakupa mstari mmoja, inakuambia: jaza.

Sheria yenyewe ilikiri kwamba damu na ubaba ni mambo mawili. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, ile ya Tangazo la Serikali namba 279, ilimruhusu mwanamume aliyezaa nje ya ndoa kumhalalisha mtoto wake kwa njia mbili: amwoe mama, au amlipe baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Shilingi mia! Aliyechelewa mpaka mtoto akaanza kula uji alibaki baba wa damu tu, na mtoto akawa wa kina mama yake.

Sasa fikiria ugomvi wa mtandaoni. Mjukuu mmoja yuko Mwanjelwa anamtetea baba wa damu. Mwingine yuko Ilula anamtetea baba aliyelipa. Wa tatu yuko Toronto anamtetea baba aliyelea. Wote watatu wana haki, na ndiyo maana wanatukanana. Wewe usijiingize kwenye falsafa. Angalia nani kati ya hao watatu alikuwa na ng'ombe wengi, umjaze huyo.

5. Unganisha kurasa, kisha andika sababu

Ukikuta wazee wawili wenye jina moja katika wilaya moja, waunganishe wawe mtu mmoja. Kwenye FamilySearch kitufe kipo. Hakikupewa kufuli kwa sababu waliokitengeneza waliamini watu watakuwa waangalifu, na imani ya watu haifai kuvunjwa bila kutumiwa.

Mara nyingine baada ya kuunganisha utaona alama nyekundu: mama kajifungua akiwa na miaka tisa, au baba kazaliwa baada ya mwanawe. Alama hizo zinakuja na kitufe cha kuziondoa. Ziondoe.

Kisha utaulizwa sababu ya mabadiliko. Usiache wazi, uwazi unaalika maswali. Andika “masimulizi ya wazee”. Mzee akitakiwa atajwe, mtaje aliyekwisha kufariki, tena aliyekuwa mkali, ili hata jina lake liogopwe. Usiandike kamwe “nadhani”. Neno hilo ni la waungwana na limewapotezea mababu wengi.

Chagua na wakati. FamilySearch huwatumia barua pepe wanaomfuatilia marehemu akiguswa. Fanya kazi yako wiki ya kuvuna mahindi au wiki ya kufungua shule, wakati ambapo hakuna Mtanzania mwenye nafasi ya kusoma barua pepe.

6. Iite sayansi, ila usiikaribie sana

Kuna kielelezo kikubwa cha hatua hii, na kimetoka Iringa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kwenye kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000. Yakatengwa yale ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya yaliyokaribiana likachukuliwa lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Heshima ya Wahehe ilirudi, na hilo ni jambo kubwa. Wanaouliza kama fuvu lenyewe ndilo bado wapo. Sisi wanafunzi wa mti wa ukoo tunachukua somo la gavana: pima kwa bidii mpaka kipatikane ulichotumwa kukileta, ukikipata, acha kupima.

Siku hizi kuna vinasaba. Vipimo vya kutema mate vya makampuni ya nje vitakuletea orodha ndefu ya binamu wa mbali. Itumie kuthibitisha chochote, maana watu wa nyanda hizi wameoana vizazi vingi na karibu kila mtu ni ndugu yako kwa njia fulani. Uzuri mwingine: kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo baba na kaka yake wanayo ileile. Kipimo hicho hakiwezi kukuambia kama babu yako ni mtoto wa chifu au wa mdogo wake chifu. Mzee wa ulanzi angeweza, lakini wewe ulishaondoka.

Jiepushe tu na Mkemia Mkuu wa Serikali, ingawa ofisi yake ya kanda iko Mbeya. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 haikuruhusu uingie pale na hamu yako tu. Ombi linapitia kwa wenye mamlaka, kama mahakama au ustawi wa jamii. Na mtoto aliye hai muache kabisa. Huyo ana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mahakama ikitafuta mzazi wake inatazama daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kutambuliwa kwake hadharani, na vinasaba. Vitu vinne, vyote vigumu kughushi. Mwongozo huu unahusu marehemu, kwa sababu marehemu hawakati rufaa.

7. Mama usimjaze

Utaona pembeni ya nafasi ya baba kuna nafasi ya mama. Iruke. Andika “hajulikani”, kama walivyofanya wenzako wote.

Mama ni hatari kwa kazi yetu. Ukimjaza atakuja na kwao, na kwao watakuja na hesabu: aliolewa mwaka wa njaa ipi, alikimbilia kwa nani vita vilipofika, huyu wa pili alizaliwa nyumba ya nani. Jina tu la mwanamke wa Kihehe linatoa siri, kwa sababu binti wa ukoo hubeba “Se” pale ambapo kaka yake hubeba “Mwa”. Ukiandika jina lake umeshasema baba yake ni nani, na kutoka hapo mtu mwenye akili anaweza kumfuata mpaka jikoni.

Ukitaka kujua ukubwa wa hatari hii, sikiliza masimulizi ya nyumba ya Mkwawa yenyewe. Wanasema mwindaji aitwaye Mufwimi alitoka Usagara akafika Nguluhe, kwa mtemi Mwamduda. Binti wa mtemi, Semduda, akapata mimba yake. Mwindaji akaondoka kabla mtoto hajazaliwa, akauawa na nyati porini. Mtoto alipozaliwa akaitwa Muyinga, na kwake ndiko unakoanzia ukoo wa Mwamuyinga, uliomleta Munyigumba na Mkwawa. Tazama ushahidi uliokuwapo: baba hayupo, cheti hakipo, mashahidi ni nyati. Kulikuwa na neno la Semduda tu, na likatosha kusimamisha utawala.

Ile Amri ya mwaka 1963 nayo haikuwa mbali na hapo: mwanamume aliyetajwa na mama kuwa ndiye baba hakukubaliwa kukana kirahisi, mpaka athibitishe kwamba hakuwahi kulala na mwanamke huyo. Yaani miaka yote daftari lilikuwa mama. Ndiyo maana kwenye mti wetu wanaume wanagombea baba huyu na yule kwa ukurasa mzima, na nafasi ya pembeni ni tupu. Iache hivyohivyo. Na shangazi yako mkubwa wa Kiwere, yule anayekumbuka kila kitu, usimfundishe kutumia simu janja.

8. Mshughulikie mpinzani kwa upole

Siku ya tatu utakuta mtu amerudisha baba wa zamani. Usimpigie simu, kwenye simu mtacheka na mtaelewana. Mwandikie. Anza na shikamoo hata kama umemzidi umri, itamchanganya. Endelea na “kwa heshima zote”, halafu mtuhumu kuwa anatumika.

Akizidi, mshitaki kwa wasimamizi. Geni ina watu wa kujitolea wanaoweza kuufunga ukurasa usiguswe. Wahi wewe kuwafikia, kwa sababu msimamizi aliyeko nchi ya mbali, asiyejua tofauti ya Uhehe na Usangu, humwamini anayeandika Kiingereza kirefu zaidi.

Kuna njia chache za kuepuka ugomvi huu, na nitakutajia ili usije ukazigusa kwa bahati mbaya. FamilySearch inaruhusu mtu mmoja awekewe wazazi seti zaidi ya moja, kila seti na lebo yake: wa kumzaa, wa kumlea, wa kambo. WikiTree inakuruhusu kumwekea baba alama ya kutokuwa na uhakika. Mkitumia vitufe hivyo, baba wa damu, baba aliyelipa na baba aliyelea watakaa kwenye ukurasa mmoja kama walivyokaa kwenye boma moja, na ugomvi utakwisha kabla ya chakula cha mchana. Halafu jioni mtafanya nini?

9. Jiandae kushinda

Tuseme umeshinda. Mpinzani amechoka, ukurasa umefungwa, na wewe sasa ni kitukuu wa chifu. Hongera sana.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: chifu haji peke yake. Anakuja na wajukuu wake halisi, na wao wameuona mti. Kesho yake utaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, lenye watu mia mbili, na ujumbe wa kwanza utakuwa wa mweka hazina. Kuna kaburi la babu linalojengewa, upo ndani. Kuna binti anayeolewa Makambako, upo kwenye kamati. Kuna mgonjwa hospitali ya rufaa Mbeya, na wewe uliye mjini ndiwe utakayepeleka uji. Wala usijitetee kwamba uhusiano wenyewe bado unafanyiwa utafiti; sababu ya mabadiliko uliiandika kwa mkono wako, na mtu ameshaipiga picha.

Lipa, ndugu yangu. Lipa mapema, na utume ujumbe wa muamala kwenye grupu ili wote waone. Miti ya mtandaoni itahaririwa tena na tena, lakini huku kwetu hakuna aliyewahi kumuuliza mtu baba yake ni nani wakati jina lake limo kwenye daftari la rambirambi.